Skrubu za Kichwa cha Kuzama zenye Tundu la Alenki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kaunta kila wiki. Mengine huletwa na mafundi wa aluminiamu na wachomeleaji wa mageti, mengine na watu walionunua kitanda cha kujiungia na sasa wamebaki na skrubu moja mkononi. Yamepangwa kuanzia ya mwanzo hadi ya mtu aliyekwama. Kama umekwama tayari, ruka hadi swali la 17.

## Mambo ya mwanzo

1. Skrubu hii ni ipi hasa?

Ni ile yenye kichwa bapa juu na kilichochongoka kama koni chini, na katikati ya ubapa kuna tundu la pembe sita la kuingizia alenki. Ukiikaza, kichwa chote kinazama ndani ya bamba. Pitisha kiganja juu yake na hutahisi kitu. Dukani ukisema "kantasanki ya alenki" utaeleweka.

Shina lake lina hesi za milimita kama za bolti ya kawaida. Kwa hiyo haitafuni mbao wala haijitobolei bati. Inataka nati upande wa pili, au tundu lililokatwa hesi kwa tepu, yaani kile chombo cha kukatia hesi ndani ya tundu.

2. Kuna tofauti gani na bolti ya alenki ya kichwa kirefu cha mviringo?

Kichwa kirefu ni cha kuvuta kwa nguvu. Kichwa cha kuzama ni cha kupisha njia. Watu wengi huzichukua kama ndugu pacha kwa sababu zote zinafunguliwa kwa alenki, na hapo ndipo kesi zinapoanza.

Chukua M6 (shina la mm 6) za aina zote mbili uziweke mezani. Ya kichwa kirefu inafunguliwa kwa alenki ya mm 5, ya kuzama kwa alenki ya mm 4. Tundu lake ni dogo na fupi, na ukiikata kichwa katikati kwa msumeno utaona chuma kilichobaki kati ya sakafu ya tundu na shingo ni chembamba. Unaikaza kwa nguvu ndogo na inahimili mzigo mdogo. Itumie pale ambapo kichwa kikitokeza kitaleta taabu: bawaba ya mlango, reli ya mlango wa kusukuma, meza ya mashine ambayo kitu kinateleza juu yake, kifuniko ambacho mkono au nguo hupita. Kama kichwa kinaweza kutokeza bila kumkera mtu, nunua ya kichwa kirefu.

3. Huyo Allen aliyetupa jina la alenki ni nani?

William G. Allen, wa Hartford, Connecticut, Marekani, aliyepata hataza mwaka 1910 ya kutengeneza skrubu zenye tundu la pembe sita. Wajerumani husema Inbus, jina lililotokana na kampuni ya Bauer & Schaurte miaka ya 1930, na Waitaliano husema brugola, kutokana na mtengenezaji wao Egidio Brugola. Ukikuta maneno hayo kwenye boksi, kilichomo ni kilekile.

## Saizi na vipimo

4. Fundi kaniambia nilete "ya sita". Sita ipi?

Mpigie simu umuulize, kwa sababu kuna sita mbili. M6 ni unene wa shina, milimita 6 ukipima juu ya hesi. "Alenki ya sita" ni upana wa ufunguo, na ufunguo wa mm 6 katika kichwa cha kuzama ni wa skrubu ya M10. Tumeshuhudia mtu akirudi safari ya tatu kwa neno hilo moja.

Oda isiyo na utata huandikwa hivi: M6×20, kichwa cha kuzama, alenki, 10.9 nyeusi (10.9 ni daraja la nguvu, tazama swali la 10), vipande 12. Ukiongeza namba ya kiwango cha skrubu hii, ISO 10642 (cha kimataifa) au DIN 7991 (cha Kijerumani), bora zaidi.

5. Urefu unapimwa kuanzia wapi?

Kuanzia juu ya kichwa hadi ncha, yaani kichwa kimo ndani ya hesabu. Bolti za vichwa vinavyotokeza hupimwa kuanzia chini ya kichwa. Kwa hiyo ukibadilisha M6×20 ya kichwa kirefu kwa M6×20 ya kuzama, umepoteza milimita tatu na zaidi za shina, ingawa kichwa nacho kimeingia ndani ya bamba. Pima unene wa vitu vyote vinavyobanwa, ongeza kina cha hesi unachotaka ishike, hiyo ndiyo namba yako. Kwenye chuma, hesi ishike angalau kiasi cha unene wa skrubu. Kwenye aluminiamu, mara moja na nusu hadi mbili.

6. Nipe vipimo vya kuanzia kazi.

Hivi ni vya hesi za kawaida, na kichwa ni cha DIN 7991. Hatua ya hesi ni umbali kutoka hesi moja hadi inayofuata. Vipimo vyote ni milimita.

| Skrubu | Hatua ya hesi | Alenki | Upana wa kichwa | Kina cha kichwa | Biti kabla ya tepu | Tundu la kupita |
|---|---|---|---|---|---|---|
| M3 | 0.5 | 2 | 6 | 1.7 | 2.5 | 3.4 |
| M4 | 0.7 | 2.5 | 8 | 2.3 | 3.3 | 4.5 |
| M5 | 0.8 | 3 | 10 | 2.8 | 4.2 | 5.5 |
| M6 | 1.0 | 4 | 12 | 3.3 | 5.0 | 6.6 |
| M8 | 1.25 | 5 | 16 | 4.4 | 6.8 | 9 |
| M10 | 1.5 | 6 | 20 | 5.5 | 8.5 | 11 |

Safu ya kina cha kichwa ndiyo inayosahaulika. Bamba la mm 3 halimezi kichwa cha M6. Koni itatokea upande wa pili, na kilichobaki kuishika skrubu ni ukingo mkali kama wembe. Kwa bamba hilo tumia M4, au M5 ukibanwa sana.

7. DIN 7991 na ISO 10642 ni kitu kimoja?

Karibu. ISO ndiyo iliyochukua nafasi ya DIN, ila maboksi mengi bado yanaandikwa namba ya zamani. Pembe ya koni ni ileile, digrii 90, na alenki ni zilezile. Kichwa cha ISO kinaruhusiwa kuwa kirefu kidogo: kwa M6, hadi mm 3.72 badala ya 3.3. Kama mashimo yako yamekatwa yakatoshea kichwa cha DIN barabara, ya ISO inaweza kubaki juu kwa unene wa kucha. Usichanganye boksi mbili kwenye bamba moja linaloonekana.

8. Seti yangu ya alenki ni ya inchi. Nitumie?

Mbili zinapita: 5/64 ni karibu mm 2 kamili, na 5/32 ni mm 3.97, inaingia vizuri kwenye tundu la mm 4. Nyingine ziogope. 3/32 ni mm 2.38, ukiiingiza kwenye tundu la 2.5 inaingia kwa raha, inazunguka kwa raha, na inakuachia duara. Vivyo hivyo 3/16 kwenye tundu la 5. Asilimia kubwa ya matundu yaliyoliwa tunayoletewa hapa yalianza kwa ufunguo uliolegea kidogo.

9. M6 inaingia mizunguko miwili kwenye mashine ya zamani, halafu inagoma. Niilazimishe?

Usiilazimishe. Huenda tundu hilo ni la robo inchi. Robo inchi ni mm 6.35, na hesi zake za kawaida ni 20 kwa inchi, yaani hatua ya mm 1.27, wakati M6 ina hatua ya mm 1. Ukitumia spana ndefu utaziua hesi za mashine, nazo ndizo za gharama.

Kichwa nacho kina kesi yake: skrubu za inchi za Kimarekani zina koni ya digrii 82. Ukiiweka ya digrii 90 humo, inakalia ukingo wa juu tu. Mashine za Kiingereza za zamani zina lingine tena, hesi za Whitworth zenye pembe ya digrii 55 badala ya 60. Robo inchi ya Whitworth na ya Kimarekani zote zina hesi 20 kwa inchi, zinaingiliana, na kwa hiyo zinadanganya vizuri sana. Njoo na sampuli na kipima hesi.

## Chuma gani kwa kazi gani

10. Namba 8.8, 10.9 na 12.9 zina maana gani?

Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nyutoni ambazo kila milimita mraba inahimili kabla ya kukatika. 10.9 ni nyutoni 1,000, sawa na uzito wa kilo kama 100. Ya pili inasema chuma kinaanza kunyooka na kutorudi kikifika sehemu gani ya nguvu hiyo: .9 ni asilimia 90.

Hesabu hiyo ni ya shina. Kichwa cha kuzama hakifikishi. Kiwango cha ISO chenyewe kinaidai skrubu hii ihimili asilimia 80 tu ya mzigo ambao bolti kamili ya daraja hilohilo ingehimili, na ndiyo sababu matoleo mapya yanaandikwa sifuri mbele: 08.8, 010.9, 012.9. Ukiiona sifuri hiyo kwenye boksi, si kosa la mpiga chapa.

11. Nyeusi, ya zinki, au stenlesi?

Nyeusi ni chuma kigumu chenye rangi ya oksidi na mafuta kidogo. Ndani ya mashine inayopakwa grisi ni nzuri mno. Nje ya nyumba itakuwa na kutu kabla hujamaliza kulipa fundi, maana weusi ule si kinga. Ya zinki huvumilia zaidi, ndani ya nyumba na maeneo makavu ya bara.

Stenlesi zina majina mawili ya kukariri. A2 ni ile ya kromiamu karibu asilimia 18 na nikeli 8, inayojulikana pia kama 304. A4 ni 316, iliyoongezewa molibdenamu asilimia 2 hadi 3, na molibdenamu ndiyo inayopambana na chumvi. Mtu wa Dodoma au Nakuru atatosheka na A2. Mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja, nyumba inayoona bahari, akifunga A2 ataona madoa ya kahawia kama chai iliyomwagika, na mteja atasema ameuziwa chuma. Boti, gati na bafu la hoteli ya ufukweni ni A4 bila mjadala.

Stenlesi si ngumu kuliko ile nyeusi. A2-70 inakatika kwa nyutoni 700 kwa milimita mraba, chini hata ya 8.8. Kuchukua stenlesi kuziba nafasi ya 10.9 kwenye sehemu inayobeba mzigo ni kujidanganya kwa mng'aro.

Nyingine kwa kifupi: brasi kwa mapambo na umeme, nailoni kwa kuzuia umeme usipite, titani kwa waendesha baiskeli wanaohesabu gramu.

12. Sumaku imeishika stenlesi yangu. Nimeuziwa feki?

Si lazima. A2 na A4 kwa asili hazivutwi na sumaku, lakini chuma kikishindiliwa baridi kiwandani ili kutoa kichwa na hesi, hubadilika kidogo na sumaku huanza kuvuta kwa unyonge, hasa kwa A2. Ikivuta kwa unyonge, ni kawaida. Ikirukia sumaku kama msumari, hapo rudi dukani.

13. Stenlesi imegandana katikati ya kufunga, haiendi mbele wala nyuma.

Hesi zimekulana. Stenlesi kwa stenlesi, kavu, ikizungushwa haraka kwa drili, uso wake unachubuka na vyuma viwili vinashikana kama vimechomelewa. Mara nyingi dawa ni kukata. Kinga ni rahisi: grisi ya kuzuia kugandana, yenye shaba au nikeli, na kuzungusha kwa mkono polepole. Ukihisi inaanza kuwa nzito kabla kichwa hakijafika, simama, rudisha nyuma.

Stenlesi inapoingia kwenye aluminiamu karibu na bahari, tumia pasta ya kutenganisha vyuma. Vyuma viwili tofauti vikilowa chumvi huwa kama betri, na anayeliwa ni aluminiamu.

## Kutoboa na kukaza

14. Shimo la kichwa linatobolewaje?

Kwa biti ya koni ya digrii 90, mwendo wa polepole, mafuta kidogo. Biti kubwa ya drili ya kawaida haifai: nyingi zina ncha ya digrii 118 au 135, na kichwa kitakaa kwenye mstari mmoja mwembamba badala ya kukaa koni nzima. Kitashika leo, kesho kutwa kitalegea.

Anza na tundu la kupita, kisha koni, na jaribu skrubu yenyewe kila baada ya kugusa mara mbili. Lenga kichwa kizame kidogo tu chini ya uso.

15. Matundu manne, mbili zimekubali, ya tatu inasukuma, ya nne haiingii kabisa. Nimekosea wapi?

Umekosea mahali pa matundu, labda kwa nusu milimita, na skrubu hii haisamehi. Bolti ya kichwa kirefu ina nafasi kuzunguka shina, inaweza kukaa kando kidogo na bado ikabana. Koni hujivuta yenyewe katikati ya shimo lake. Ukiwa na koni mbili zimeshakaa, bamba limekwisha kuamuliwa lilipo. Ya tatu na ya nne hazina la kuchagua.

Nilifunga bawaba za mlango wa chuma hivyo, nikailazimisha ya nne kwa alenki yenye bomba refu. Ilikubali. Miezi michache baadaye kichwa kilidondoka sakafuni peke yake, shina likabaki ndani. Nilipokigeuza, upande mmoja wa koni ulikuwa umeng'aa kama mwezi mwandamo na upande wa pili bado mweusi na mafuta ya kiwandani. Kilikuwa kimekalia upande mmoja muda wote, na kila mlango ulipofunguliwa shingo ilikunjwa.

Dawa ni kutoboa pamoja: bana vipande viwili kwa kleme, toboa tundu dogo la mwongozo kupitia vyote, halafu ndipo utenganishe na kupanua. Kama haiwezekani, tumia koni kwenye matundu mawili tu ya kuweka nafasi, na mengine yafunge kwa bolti za vichwa vinavyotokeza, zenye nafasi kuzunguka shina. Kaza zote kwa mkono kwanza, ndipo ukaze kwa zamu, mshazari.

16. Nikaze kiasi gani, na niweke washa au gundi?

Majedwali ya bolti ya kawaida ya 8.8 huweka karibu Nm 10 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa M6 na Nm 25 kwa M8. Kwa kichwa cha kuzama kaa chini ya hapo. Bila spana ya kupimia, tumia mkono mfupi wa alenki ukazungushe kwa vidole, bila bomba. Alenki yenye ncha ya mpira ni ya kuzungushia tu, si ya kukazia.

Washa ya kawaida haina pa kukaa. Kama unahofia mtikisiko, gundi ya hesi ya bluu, mfano Loctite 243, inatosha na itafunguka kwa zana za kawaida. Nyekundu iache kwa kitu usichotaka kukifungua tena, maana hutaka moto. Na juu ya grisi ya swali la 13, gundi haishiki vizuri, chagua moja.

## Imegoma

17. Skrubu ya sahani ya breki haitoki. Nifanyeje?

Hii ndiyo inayoletwa zaidi, hasa na wenye magari ya Kijerumani. Sahani ya breki hushikwa kwenye habu na skrubu moja ya kichwa cha kuzama. Kazi yake ni kuiweka sahani mahali pake. Wanaobana kwa kweli ni bolti za gurudumu. Kwa hiyo haikuwa imekazwa sana. Imegandishwa na kutu na joto la breki.

Kwanza chokoa tundu kwa msumari mwembamba hadi sakafu ionekane. Nusu ya matundu yanayoliwa yalikuwa na uchafu ndani na alenki ilishika kwa milimita moja tu. Weka mafuta ya kupenya na usubiri. Kisha weka biti ya pembe sita na uipige nyundo mara tatu nne kavu, kichwani moja kwa moja. Mshtuko ule unavunja kutu kwenye koni, na koni ndiyo iliyoshika, mara nyingi kuliko hesi. Bisibisi ya kupigwa nyundo, ile inayozunguka kila ikigongwa, hufanya yote mawili kwa pamoja. Mafuta yakifika kwenye uso wa sahani, yasafishe yote kabla gari halijatembea.

18. Tundu limekuwa duara kabisa.

Gonga ndani biti ya Torx (yenye ncha ya nyota) iliyo kubwa kidogo, meno yake yashike, ujaribu taratibu. Ikikataa, kata kichwa: toboa katikati kwa biti yenye unene wa shina, mm 6 kwa M6, hadi kichwa kiachane. Tundu lenyewe linakuongoza. Bamba likitoka, kipande cha shina kinabaki kimetokeza, na kwa kuwa hakuna tena kinachokivuta, mara nyingi kinazunguka kwa plaiza. Skrubu ya 12.9 itaichosha biti ya kawaida. Tafuta ya kobalti.

## Ya pembeni

19. Naweza kupeleka skrubu nyeusi za 12.9 zikapakwe zinki?

Tunakushauri usifanye hivyo. Asidi ya kusafishia na umeme wa kupakia huingiza hidrojeni ndani ya chuma kigumu, nacho kinakuwa mwepesi wa kuvunjika. Unaikaza leo vizuri, kesho kichwa kinaruka bila mtu kuigusa. Viwanda huzioka skrubu ndani ya saa chache baada ya kupaka ili kuipunguza hatari hiyo. Karakana ya mtaani haina tanuri hilo. Ukitaka kinga ya kutu na daraja kubwa, nunua zilizopakwa kiwandani, au paka rangi juu baada ya kufunga.

20. Zimefungwa nje, zikiangalia juu, na matundu yanajaa maji na mchanga.

Ni kweli, kila tundu ni kikombe. Jaza grisi nzito, nta, au silikoni ya rangi ya bamba. Siku ya kufungua, silikoni inatoka kwa ncha ya kisu, na tundu utalikuta safi.